Uzi maalumu: bawaba, skrubu na makomeo ya shata za mbao kwa nyumba za pwani

Mpiga_Randa

Wakuu salaam. Maswali ya shata za mbao yamekuwa mengi humu, na karibu kila mara majibu yanaishia kwenye mbao: mninga au msaji, vanishi gani, mikono mingapi. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, mbao ikichaguliwa vizuri huwa inabaki nzima wakati vyuma vyake vimeshakufa. Bawaba inalia, skrubu inakatika kichwa, bawa (ubao wa shata unaofunguka na kufunga) linashuka upande mmoja, halafu seremala anapunguza kwa randa chini badala ya kutibu bawaba. Naomba uzi huu tuuweke kwa ajili ya vyuma tu.

Naanza na aina ya chuma. Bawaba nyingi za bei nafuu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kwa umeme. Tabaka lile ni jembamba, mikroni 5 hadi 12 tu, na upepo wa chumvi unalimaliza mapema. Zilizochovywa kwenye zinki ya moto zina tabaka la mikroni 45 kwenda juu. Uso wake ni wa kijivu, una mikwaruzo na matone, haupendezi, lakini ukipakwa rangi unadumu. Kagua kifundo (sehemu ya bawaba inayoshika pini) kabla hujalipa, kwa sababu mara nyingi zinki huganda ndani na pini inakwama.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ni juu ya hapo, ila stenlesi si moja. Daraja 304 lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Daraja 316 linaongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayopambana na chumvi. Kwenye bolti utaona alama A2 kwa kundi la 304 na A4 kwa kundi la 316. Ukiwa mbele ya bahari kabisa chukua A4. Ukiwa kilomita kadhaa ndani, A2 inatosha.

Sumaku ya dukani inakusaidia jambo moja tu: kugundua chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya dhahabu au ya fedha. Haitakutofautishia 304 na 316, kwa hiyo muuzaji akikupa sumaku kama ushahidi wa 316, omba uone alama au boksi.

Brasi, yaani shaba ya manjano, ni nzuri na inafaa sana kwa nyumba za zamani, mradi iwe brasi nzima na sio chuma kilichopakwa. Ubaya wake ni ulaini. Skrubu ya brasi ikilazimishwa kwenye mninga au mkongo inakatika shingo, na kipande kinabaki ndani.

Sasa sheria ambayo naomba isivunjwe: bawaba, skrubu na komeo viwe chuma cha aina moja. Bawaba ya stenlesi ikifungwa kwa skrubu za zinki, skrubu ndizo zinazoliwa, na zinaliwa haraka kwa sababu ni ndogo mbele ya chuma kikubwa kilicho bora kuliko zenyewe. Maji ya chumvi yanakamilisha mzunguko, kama betri. Bawaba inaonekana mpya, bawa linaanguka.

---

mgeni_kigamboni

Shukrani mkuu. Nina swali la vipimo. Dirisha ni upana milimita 900, urefu 1200, mabawa mawili yanayofunguka nje. Fremu imekaa ndani ya tundu, kutoka uso wa bawa hadi uso wa ukuta wa nje ni milimita 60. Nataka mabawa yalale ukutani kabisa yakifunguliwa. Fundi kaleta bawaba za kawaida za inchi 4, na bawa linagonga kona ya ukuta likifika nyuzi 90 na kidogo. Nichonge ukuta?

---

Ukutani

Usichonge ukuta, kaka. Rudisha bawaba.

Bawaba ya kawaida ina pini iliyokaa sawa na uso wa bawa. Kama bawa liko ndani ya tundu, haliwezi kugeuka nyuzi 180 hata ungefanyaje. Pini inatakiwa itokeze mbele ya uso wa bawa. Hesabu yake ni rahisi: chukua umbali wa katikati ya pini hadi uso wa nje wa bawa, zidisha kwa 2, toa kina cha bawa ndani ya tundu. Jibu ndilo nafasi itakayobaki kati ya bawa na ukuta likiwa limelala.

Kwako kina ni 60. Pini ikitokeza 30, nafasi ni sifuri, na plasta ikiwa na nundu kidogo tu bawa halilali. Pini ikitokeza 35, unapata milimita 10. Mimi ningelenga 10 hadi 15, kwa sababu kulabu ya ukutani na kitasa cha bawa navyo vinahitaji pa kukaa. Na kama dirisha limezungushiwa ukanda wa plasta uliotokeza, pima kina kutoka uso wa ukanda, usipime kutoka ukutani.

Bawaba unayotafuta ni ile yenye umbo la herufi H ikifunguliwa, kifundo kikiwa kimesimama mbali na mbao. Inauzwa kwa upana wake ikiwa imefunguliwa kabisa. Gawa upana huo kwa 2, toa sehemu itakayolala kwenye unene wa bawa, na kilichobaki ndicho pini itakachotokeza. Bawaba ya inchi 5 ni milimita 127, nusu yake ni 63 na ushee. Bamba (jani la bawaba linalopigwa skrubu) likilala milimita 28 kwenye mbao, pini inatokeza 35. Ndiyo saizi yako, ila bawa liwe na unene usiopungua 32, vinginevyo skrubu za mwisho zitapasua ukingo.

Tahadhari: kadiri pini inavyotokeza, ndivyo bawaba inavyopata nguvu ya kujipinda. Usinunue bamba jembamba la milimita 1.5. Tafuta 2.5 au 3.

---

Dada_Nyali

Samahani wataalamu, hapa kwetu kila dirisha lina grili na wavu wa mbu. Shata zinafunguka nje. Mtu anafungaje shata mvua ikianza usiku bila kutoka nje?

---

KusiNaKaskazi

Dada, hilo ndilo swali ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla mbao haijakatwa. Watu wengi wanafunga grili, wanapigilia wavu kwa misumari, halafu shata zinabaki wazi mwaka mzima kwa sababu hakuna mkono unaozifikia.

Wavu lazima ufunguke. Ama uwe kwenye fremu yake ndogo yenye bawaba kwa ndani, ama uteleze kwenye reli. Wavu uliopigiliwa moja kwa moja unaua kazi ya shata.

Grili iwe na nafasi ya kupitisha mkono hadi kwenye kiwiko mahali pa kitasa. Kama nondo zimesimama kwa sentimita 10, mkono mwembamba unapita, mkono mnene unakwama. Mwambie fundi wa kuchomelea aache tundu moja la sentimita 12 kwa 15 katikati, usawa wa komeo. Tundu hilo mwizi hapiti, mkono unapita.

Kisha ni suala la umbali. Bawa la milimita 450 likilala ukutani, ukingo wake uko karibu nusu mita kutoka kona ya tundu, na ukuta wenyewe una unene wake. Mkono haufiki huko. Kwa hiyo kulabu ya ukutani, ile inayosubiri kwenye ukingo wa mbali wa bawa, haifai kwa dirisha lenye grili. Weka fimbo ya kuzuilia yenye matundu upande wa bawaba: inafungwa kwenye kizingiti cha chini, inaingia kwenye pini iliyo chini ya bawa, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bawaba. Unaiachia ukiwa ndani na unalivuta bawa kwa fimbo hiyohiyo. Karibu na bawaba nguvu inayohitajika kuzuia upepo ni kubwa zaidi, hivyo fimbo iwe bapa ya milimita 20 kwa 4 au zaidi, na pini ya 8.

Kwa nini nasisitiza upepo: upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma bawa la nusu mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 13, hapo bado hujahesabu kipigo cha bawa linalojibamiza. Uzito wa bawa wenyewe ni jambo dogo. Bawa la kilo 10 lenye upana wa 450, bawaba zikiwa zimeachana milimita 850, linavuta bawaba ya juu kwa chini ya kilo 3.

---

Mkongo75

Nakubaliana na hesabu ya KusiNaKaskazi, na inajibu swali ambalo bado halijaulizwa: bawa moja linataka bawaba ngapi. Kwa uzito tu mbili zingetosha. Lakini kwa bawa la urefu wa 1200 mimi naweka tatu, na ya tatu naiweka katikati kabisa. Kazi yake ni kuuzuia mti wa pembeni usijipinde. Bawa limechomwa na jua upande mmoja na kivuli upande mwingine, linataka kujikunja, na likijikunja milimita 6 katikati komeo haliingii tena.

---

Mpiga_Randa

Hapo tutofautiane kidogo, mkuu. Kwenye mlango mzito bawaba ya tatu inakwenda juu, sentimita 20 chini ya ile ya kwanza, kwa sababu ya uzito. Kwa shata nyepesi katikati ni sahihi. Ila bawaba tatu zina sharti: pini zote ziwe kwenye mstari mmoja. Ya katikati ikiingia ndani milimita 1 tu, kila ukifungua bawa skrubu zinavutwa, na baada ya msimu mmoja zimelegea. Fundi ambaye hatumii rula ndefu ya chuma kwenye pini ni afadhali aweke mbili.

---

Fundi_Chokaa

Assalaam aleikum. Naongezea kwa nyumba za mawe, Mji Mkongwe na Lamu, kwa sababu mengi yaliyosemwa ni ya ukuta wa bloku.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, haushiki fisha ya plastiki. Fisha inafanya kazi kwa kutanuka na kusukuma pembeni, na chokaa inasukumika. Leo inakaza, baada ya wiki unaitoa kwa vidole. Basi kanuni ya kwanza ni kufunga kila kitu kwenye fremu ya mbao iliyojengewa, maadamu fremu ni nzima. Ichome kwa ncha ya bisibisi pembe za chini. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, pameoza, na hapo bawaba haitakaa hata iwe ya aina gani.

Pale ambapo lazima uingie ukutani, mfano kulabu ya kuzuia bawa, tumia fimbo ya stenlesi A4 ya milimita 10 yenye nyuzi kama za bolti na gundi ya kemikali ya bomba. Tundu la milimita 12, kina 120 hadi 150 kupita plasta. Zima nyundo ya drili, zungusha tu, maana nyundo inabomoa chokaa kwa ndani na tundu linakuwa pango. Kisha puliza, piga brashi, puliza. Rudia mara mbili. Vumbi la matumbawe ni laini kama unga, na gundi ikishika vumbi haijashika ukuta. Ukiingia kwenye uwazi, tia soksi ya wavu kwanza, usimwage gundi tu.

Usitie chuma cha kawaida ndani ya ukuta wa aina hii. Mawe yenyewe na mchanga wake vina chumvi. Chuma kikioza kinavimba, kinapasua plasta na kuacha alama ya kutu inayoteremka ukutani. Na usizibe kwa saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, unatafuta njia kupitia chokaa ya jirani na kuibomoa. Ziba kwa chokaa na mchanga usio wa pwani.

Jambo la mwisho kwa Mji Mkongwe: mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000 (Lamu 2001), na mabadiliko yanayoonekana nje yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kabla ya kubadili aina ya shata au kutoboa uso wa nje, nenda uulize. Ni vizuri pia kwa jengo lenyewe.

---

mgeni_kigamboni

Wa aleikum salaam sheikh, ahsante. Kwangu ni bloku za inchi 6, zenye matundu. Fremu imesimamishwa tu kwa majaribio, bado haijafungwa.

---

Ukutani

Basi bado una nafasi ya kufanya sawasawa. Fremu ya 100 kwa 50. Kila mti wa pembeni fisha ndefu za fremu za milimita 10 kwa 120, ya kwanza sentimita 15 kutoka kona, zinazofuata zisiachane zaidi ya sentimita 60. Kwa urefu wa 1200 ni tatu kila upande. Kabla ya kutoboa, jaza kwa zege matundu ya bloku za pembeni mwa dirisha, angalau pale fisha zitakapopita, na uache siku 7. Fisha ndani ya tundu tupu haina cha kushika.

Timazi kwanza, pima maji baadaye. Pima pembe kwa pembe, mishazari miwili isitofautiane zaidi ya milimita 3. Fremu iliyopinda hutaiponya kwa bawaba.

---

Mpiga_Randa

Nieleze kuning'iniza kwenyewe, kwa dirisha hilohilo.

Ndani ya fremu una 900 kamili. Acha milimita 3 kila upande na 3 katikati, inabaki 891, kila bawa 445 na nusu. Moja liongezwe 12 kwa ajili ya ulimi wa kupandana katikati, ili mvua ya kusi isipite. Chini acha 5, juu 3. Kama bawa ni la fremu na luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa), kinachovimba masika ni miti ya pembeni tu, nafasi hiyo inatosha. Kama ni mbao nzima zilizounganishwa, upana wa 450 ukivimba asilimia 1 ni milimita 4 na nusu kila bawa, kwa hiyo ongeza nafasi ya katikati iwe 8 na ulimi uwe 18.

Simamisha bawa juu ya vipande vya plaiwudi vya milimita 5, kabari nyembamba pembeni. Weka alama za bawaba kwa kisu, si kwa penseli. Juu sentimita 15 kutoka ncha, chini sentimita 20. Chonga kwa patasi kina sawa na unene wa bamba, kisizidi. Ukizidisha, bawaba inabanana kabla bawa halijafunga na linarudi lenyewe kama lina springi. Tiba yake ni kipande cha kadibodi au plastiki nyembamba chini ya bamba, wala usiguse randa.

Matundu ya skrubu: skrubu ya milimita 4 kwenye mninga, mkongo au msaji inataka tundu la 3. Kwenye paini, 2.5. Ipake nta ya mshumaa. Sabuni iacheni, wakuu, inavuta unyevu na skrubu inaoza ndani. Kwa skrubu za brasi, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya saizi ileile ili ikate njia, itoe, ndipo uingize ya brasi kwa bisibisi ya mkono. Drili ya umeme kwenye brasi ni kuikata.

Weka skrubu moja tu kila bamba, fungua na ufunge, angalia nafasi pande zote. Ikiwa sawa, toa bawaba, paka rangi au mafuta ndani ya machimbo yote na matundu, ziache zikauke, ndipo ufunge skrubu zote. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu mbao inaoza nyuma ya bawaba tu huku kwingine ni nzima.

Kwa usalama: bawa likifunguka nje, pini ya bawaba iko nje. Nunua zenye pini iliyogongwa kichwa pande zote mbili. Ongeza skrubu nene ya 6 kwenye ukingo wa bawa karibu na kila bawaba, ikate kichwa ibaki imetokeza milimita 10, na utoboe tundu lake kwenye fremu. Hata pini ikitolewa, bawa halichomoki.

---

Mkongo75

Niongeze kwa wanaotumia paini iliyotiwa dawa, ile ya kijani ya shamba la miti la Sao Hill na kwingineko. Dawa hizo zina kopa (shaba nyekundu), na kopa inakula zinki na aluminiamu. Kwa mbao hizo ni stenlesi tu, hata kama uko mbali na bahari. Na kwenye mbao zenye tanini nyingi, chuma cha kawaida kikipata maji kinaacha doa jeusi kuzunguka kila skrubu, na doa hilo halitoki kwa msasa wa juujuu.

---

Dada_Nyali

Ahsanteni sana. Makomeo je? Na stenlesi inahitaji matunzo, au ukishafunga basi?

---

KusiNaKaskazi

Dada, bawa lenye ulimi ndilo linalofunga la mwisho. Bawa la kwanza lipewe makomeo mawili, juu na chini, fimbo ya milimita 10 au 12, urefu 150 chini na 200 au zaidi juu ili mkono ufikie. La pili linashikwa na komeo la katikati, pale kwenye tundu la grili.

Tundu la komeo la chini ndilo linaloozesha kizingiti. Fundi anatoboa shimo la kina cha sentimita 3, mvua inajaa, maji hayana pa kutokea. Toboa kwanza tundu jembamba la 6 kutoka chini ya shimo hadi uso wa nje wa kizingiti, likiinamia nje, ulipake rangi kwa ndani, kisha ufunge bamba la brasi au stenlesi juu ya shimo. Kila mwezi pitisha waya kutoa mchanga.

Kuhusu stenlesi, inahitaji maji baridi yasiyo na chumvi. Madoa ya rangi ya chai hutokea zaidi mahali ambapo mvua haifiki, yaani chini ya paa lililotokeza, kwa sababu chumvi inakaa pale bila kuoshwa. Bawaba ya juu ndiyo inayochafuka kwanza. Osha kwa kitambaa na maji ya bomba mara moja kwa mwezi, na wakati wa kaskazi kama nyumba inaielekea bahari fanya kila wiki mbili. Usisugue kwa sufu ya chuma, inaacha vipande vinavyoshika kutu juu ya stenlesi. Tumia brashi ya nailoni. Kwenye pini weka nta. Mafuta ya injini yanakusanya mchanga, na mchanga ndani ya kifundo ni msasa.